Gari Lililozimika Mbele ya Bendera

Kamalondo, Lubumbashi, tarehe 11 Machi 1975

Kwa Yaya Kasimu, kaka yangu mkubwa,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kolwezi, wewe, shemeji na watoto. Sisi tuko salama, ila macho yamechoka kulia. Naituma kwa mkono wa Godefroid, dereva wa lori, maana posta ingechelewa.

Barua yako niliisoma nimesimama. Unasema Ijumaa, kwenye arobaini ya Mama, fundi Djuma asikanyage uani kwetu, kwa sababu ulimwachia gari naye akaliharibu. Umewaandikia hata wazee wa msikiti wamtenge. Yaya, hasira zako hupanda upesi kama maziwa jikoni. Safari hii nakuomba usome mpaka mwisho.

Gari lilikuwa likikohoa kila penye kilima, kwa ajili ya petroli yenye mchanga. Ulituma kichujio kipya cha petroli, ukaagiza Djuma akifunge Jumamosi. Lakini Jumamosi hiyo aliitwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, kufyeka mitaro ya mtaa pamoja na wenzake, akasema atakuja kesho yake.

Jumatatu asubuhi Mama alianza kukosa pumzi. Djuma alikuja mbio bila viatu. Kichujio kipya kilikuwa tayari mahali pake, na gari likawaka mara moja. Tukafika mbele ya ofisi ya komini bendera ikipandishwa. Sheria unaijua: mtu husimama, gari husimama. Wimbo haujaisha, injini ikatetemeka, ikazima. Askari alitukazia macho, hakuna aliyethubutu kushuka. Mama alikuwa amelala mapajani pangu, amenishika kidole gumba. Niliogopa, Yaya, sijawahi kuogopa hivyo. Bendera ilipofika juu Djuma alijaribu tena na tena, watu wakasukuma, gari likakataa. Tulipopata gari la kutubeba, mkono wa Mama ulikuwa umelegea.

Baada ya mazishi Djuma alifungua kabureta mbele yangu. Ndani mlikuwa na vipande laini. Akavinusa, akaitazama mikono yangu, akavifuta kwa kitambaa. Majirani walipomuuliza alijibu tu, “Iko buchafu ya petroli, basi.”

Ilikuwa sabuni, ndiyo iliyoziba njia ya petroli. Kichujio nilikifunga mimi, Yaya. Nilichoka kungoja, na nilitaka ujue kwamba nami naweza, maana tangu utoto ulikuwa ukinifukuza kwenye magari yako. Mpira wa kwenda kabureta ulikuwa mgumu, ukakataa kuingia. Nikaupaka sabuni ya kufulia, nje na ndani, uteleze. Djuma alipokuja Jumapili nilimwambia fundi mwingine amekwisha maliza kazi.

Muda wote huu amebeba lawama yangu bila kusema neno, nami nimemwacha aibebe. Jana nilikwenda kwa wazee, nikawaambia yote. Ijumaa Djuma atakaa pamoja na wanaume wa nyumba hii. Mimi nitasimama nje ya mlango mpaka ufike useme mwenyewe kama niingie.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako,
Sofia