Kiuno cha Inchi Arobaini na Sita

Mama mpendwa,

Huku Othaya ni baridi mpaka uji unapoa kabla ya kufika mdomoni.

Shangazi, Tata Wangari, amesikia kwamba sheria mpya inataka hata fundi wa nguo kama yeye alinde habari za wateja. Basi akakata majina yote kwenye daftari la vipimo, akayachoma jikoni. Jana akina mama wa kanisa wakaja kuchukua magauni. Tata, akiwa hajui lipi ni la nani, akasimama mlangoni pa duka lake sokoni akiita, "Kiuno cha inchi arobaini na sita ni cha nani?" Soko zima likageuka kutazama.

Nimekuchukulia gauni lako, Mama. Ni hilo. Natumaini watu wa posta hawasomi kadi hii.

Nakukumbatia, na mikono inatosha,
Wambui