Maneno ya Baada ya Kuzima Simu

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Imetoka! Makala yetu ya uongozi wa shule imetoka kwenye jarida la Ulaya. Stella kanipigia asubuhi analia kwa furaha. Stella wangu wa chuo, leo mhadhiri, na mimi mwalimu mkuu wa huku kwenye mikorosho. Mara mbili walitukataa – eti mambo yetu ya kijijini mno, dunia itajifunza nini hapo. Halafu wakatangaza toleo maalumu la sauti za mataifa yote, na ghafla kijiji kikawa lulu. Haya! Nimewanunulia walimu soda. Shangazi Likwata nitampelekea kanga, maana bila yeye hakuna makala.

Jumatano, 4 Desemba

Lindi. Nimechapisha nakala dukani kwa Aliraza, nikaisoma palepale nimesimama. Katikati nikarudia aya moja mara tatu. Aliraza akanivutia kiti.

Yamo. Yote!

Siku ile nilipompeleka Stella kwa shangazi, ambaye ndiye kungwi wa hapa, shangazi alisema: zima simu hiyo, sasa nazungumza na wanangu. Stella akazima, nilimwona kwa macho yangu. Ndipo akaelezwa siri yetu, mimi na shangazi. Kwamba mafunzo ya ndoa shangazi keshayaondoa kwenye unyago. Wasichana wanafundishwa usafi na adabu, wanaapishwa kumaliza shule, basi. Ya mume yanamngoja mume. Kina baba hawajui, wanadhani mabinti wamechezwa unyago kamili. Mwanamume haulizi mambo ya ndani, na huo ndio ulinzi wetu wote. Tangu tuanze, hakuna binti aliyetolewa darasani kwangu akaolewe.

Sasa iko kwenye jarida, na jina la kijiji juu yake. Tulikubaliana kijiji kisitajwe!

Ijumaa, 6 Desemba

Tumefunga shule. Nimempigia Stella. Marekebisho ya mwisho aliyapeleka bila kunionyesha. Kasema mhakiki wa pili wa jarida alidai muktadha wa utamaduni – utamaduni upi, mahali gani, la sivyo Afrika nzima inaonekana kitu kimoja. Nikamwuliza, ukaona umpe shangazi yangu? Kasema hakurekodi, alikumbuka tu. Alikumbuka tu! Tena kasema nishukuru, jina langu limo. Nikakata simu.

Tumelala godoro moja na huyu, tumekula sahani moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka yote nimewaandikia watoto methali hiyo ubaoni na wala sikuwahi kushtuka.

Jumapili, 8 Desemba

Nilijifariji kwamba huku hakuna atakayesoma Kiingereza kile. Kumbe Mudathiri, mzazi wa hapa kijijini, ana mpwa Dar! Katafsiri, katupia kwenye grupu la kijiji. Kabla ya adhuhuri habari iko Rutamba.

Mudathiri kanifuata mwenyewe. Alikuja kwa heshima zote, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Mwalimu, kasema, tumekuachia watoto, kumbe mmetufanya wajinga ndani ya nyumba zetu? Binti yake Somoe ndiye wa kwanza darasa la sita. Sasa anataka likizo hii achezwe upya, kamili, na kungwi wa kutoka Kiswere. Na kuna mtu keshaulizia kumwoa. Nikamtajia sheria inayokataza kuoza mwanafunzi. Kasema sheria naijua, mwalimu, na uongo pia naujua.

Akaaga, akaondoka. Nina hasira!

Jumanne, 10 Desemba

Shangazi hapokei simu. Kanga niliyomtumia imerudi, haijakunjuliwa.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimekwenda mwenyewe. Shikamoo shangazi. Akatupa ganda pembeni. Nikarudia. Akaitikia marahaba huku anatazama korosho zake kwenye ungo.

"Lete simu," akasema.

Nikamwambia nimeshaizima.

"Hata mwenzio alizima. Lete."

Akaifunga kwenye pindo la kanga, akaikalia. Ndipo nikasema yote. Nikalia. Kwamba Stella kaniuza na mimi pia.

"Hukusema wewe, najua," akasema. "Lakini mgeni alikuja na nani?"

Nikamwomba tumwokoe Somoe, mimi na yeye, kama tulivyozoea. Akasema Somoe hayuko tena mikononi mwa baba yake tangu alfajiri. Yuko salama. Nikauliza wapi. Akachukua ungo akaendelea kuchambua. Nikauliza tena! Mimi, aliyenilea yeye, aliyenicheza yeye mwenyewe! Akanirudishia simu, akaniambia jua linakuchwa, nenda.

Namshukuru Mungu kwa ajili ya Somoe. Na roho inaniuma sijapata kuona.

Sasa Mudathiri yuko barazani kwangu na ndugu zake. Anapiga hodi, sauti imempasuka: mwalimu, mwanangu yuko wapi? Anaamini najua. Kijiji kizima kinaamini najua.

Sijui. Wallahi sijui. Shangazi kahakikisha kwamba mimi ndiye nisijue.

Hodi tena –