Vitabu vya Picha Ulivyomtumia Asajile

Ngana,
kwa hisani ya Duka la Badru,
S.L.P. 214,
Kyela.

30 Juni, 1996.

Mpendwa Kaka Aliko,

Shikamoo. Pokea salamu kutoka Ngana, zimechelewa lakini ni za kweli. Je, u mzima? Ule mgongo uliokuwa ukiulalamikia umepona, au bado wanakuinamisha kwenye miche kutwa nzima? Mama mkubwa Marta anasema hakukuzaa wewe ili uende Japani kufundishwa kupanda mpunga. Ungebaki hapa angekufundisha mwenyewe, na bila baridi. Anakutania tu, usikasirike. Yeye ni mzima, na ng'ombe wako yule mwekundu amezaa ndama jike. Sisi huku kwetu tunaamka, tunakula, tunalala. Siwezi kuandika zaidi ya hapo bila kusema uongo.

Barua yako ya pole tuliipata Jumatatu. Baba aliisoma kwa sauti baada ya chakula, akaikunja akaiweka ndani ya Biblia. Ndaga fijo, asante sana. Mwishoni kabisa umeniuliza mimi naendeleaje, na kama bado nasoma vile vitabu vya picha vya Kijapani, ambavyo umesema wenyewe wanaviita manga. Nakujibu yote mawili kwa pamoja, maana siku hizi yamekuwa jambo moja.

Naendelea hivi. Tangu mdogo wangu Asajile afariki tarehe kumi na nne Mei, sijalia hata tone. Na tangu siku niliyofika msibani, mama hajasema nami. Shule inafunguliwa tarehe nane Julai. Nikipanda basi mama akiwa hajaniambia neno, sijui likizo ijayo nitakuwa narudi kwa nani. Hilo ndilo linalonikalia, ingawa nalo silisikii vizuri. Niko kama mguu uliokufa ganzi, unajua ni wako kwa kuutazama tu.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu najua baba hakuweza kukuandikia. Malaria ilimpanda Asajile kichwani, ikamchukua siku mbili. Baba alimpa kondakta wa basi barua aniletee shuleni, lakini mto ulikuwa umefurika na magari yalikuwa yamesimama ng'ambo. Nilifika nyumbani siku ya nne. Walikuwa wameshamzika kwa kuogopa maji. Unajua kwetu mwanamke akija msibani huanza kulia tangu njia panda, ili waliomo ndani wajue kuna mtu anakuja na wanawake watoke kumpokea. Mama alikuwa amekaa ndani akisikilizia kilio changu. Mimi nilikuja kimya, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Nikafika uani, nikawaamkia wote shikamooni, nikauliza beseni la kunawia miguu liko wapi.

Kaka, sijui kwa nini niliuliza beseni. Shangazi Felista alisema mbele ya watu kwamba nimeingia msibani kwa mdogo wangu kama mgeni wa harusi. Mama alinitazama mara moja, akageukia ukutani. Tangu siku hiyo akitaka nichote maji anamwambia shangazi, "Mwambie huyo mwenzako achote." Nami nachota. Mwalimu mkuu aliniruhusu nibaki nyumbani hadi likizo iishe, kwa hiyo ni wiki sita sasa nachota hivyo.

Haya, vitabu. Boksi lako lilipofika Desemba, mimi na Asajile tulilifuata mjini kwa baiskeli. Mzee Badru alilipima kwa jicho akasema karatasi zote hizo zingemtosha kufungia karanga mwaka mzima. Asajile alilikumbatia lile boksi hadi tunatoka dukani, na njia nzima alinifanya nitembee kwa miguu ili boksi lipate kukaa kwenye keria.

Yeye alichukua cha mpira. Tulikisoma kama tunavyosoma Kiswahili, tukianzia kushoto. Basi timu ilianza kwa kunyanyua kombe, ikafuata fainali, mpira ukatoka wavuni ukarudi mguuni mwa mfungaji, na mwisho kabisa wakabaki watoto kumi na mmoja wasio na jezi kwenye uwanja wa vumbi. Mimi nilisema hakina maana. Asajile alisema Wajapani wanakupa kombe kwanza ndipo wanakufanyisha mazoezi, na ndiyo maana magari yao hayaharibiki. Tulibishana hadi akaamua kukuandikia wewe utuamue. Huku nyuma akachukua kalamu ya bluu akaandika majina ya wenzake wa darasa la saba juu ya vichwa vya wachezaji wote. Eliud wa jirani alimweka golini kwa kumwonea, na yeye mwenyewe akawa namba tisa.

Jibu lako kwake, lile la kumweleza kwamba vitabu vya huko huanzwa kulia kwenda kushoto, lilifika siku kumi baada ya mazishi. Bahasha ilikuwa na jina lake, nikaifungua mimi. Nikakaa nikakisoma upya kama ulivyoelekeza. Watoto wa vumbini wanapata jezi, wanafungwa, wanafungwa tena, namba tisa anaumia goti, wanachukua kombe. Ni hadithi nzuri sana. Niliona kabisa kwamba ni nzuri, nikakifunga, nikaenda kutwanga. Kinachoniuma, kama kuumia kwenyewe ndiko huku, ni kwamba Asajile hakuijua.

Vingine navisoma mchana nikilinda mpunga tulioanika uani, maana kuku wa mama mkubwa hawana adabu. Cha mizimu, chenye yule mwanamke asiye na uso anayesubiri watu chini ya daraja, Desemba kilinifanya nikatae kwenda chooni bila kusindikizwa. Sasa nimekimaliza peke yangu. Nilimwonea huruma kidogo kwa kusimama kwenye maji muda wote huo, basi.

Cha mapenzi nilikipeleka bwenini muhula wa kwanza. Nasma, ninayekaa naye dawati moja, alilia kwenye ule ukurasa wa stesheni ya treni hadi matroni akaja kuuliza nani anaumwa, na mimi nililia naye, tena kwa kwikwi. Juzi nimeurudia ukurasa uleule. Msichana ana macho makubwa kama visahani, machozi yamejaa, maua yanaelea nyuma yake bila sababu. Nilifunua kurasa kama mtu anayemenya ndizi za shughuli, ndizi nyingi na wala si zake.

Cha mashine zinazotembea kama watu na kupigana mjini sikukielewa, kwa kulia wala kwa kushoto. Nilitazama maghorofa yanavyoanguka nikajiuliza nani atafagia.

Cha mapishi ndicho alichokipenda baba. Alivaa miwani akakikagua chote, kisha akatoa hukumu kwamba wali wao umeshikana kama wa mgonjwa. Anakuuliza kama ni mbegu au ni mpishi. Mjibu, tafadhali, ndilo jambo pekee alilolichangamkia tangu Mei.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba ndiyo, navisoma vyote, na hakuna kinachoingia. Isipokuwa kimoja, nacho sijui niseme nimekisoma au nimekitumia vibaya.

Ni kile chembamba chenye jalada la kijivu. Hakina mizimu wala mpira. Watu wanaishi tu, wanakula, wanaanika nguo. Alhamisi nilikuwa nacho mkononi mama alipokuja kugeuza mpunga. Alipomaliza alikaa pembeni ya turubai kunyoosha mguu wake ule mbovu, na mimi nikakiweka chini ili niondoke nimpishe. Akakiokota. Kikafunguka kwenye ukurasa ambao watu wamepiga magoti kwa mistari, wamevaa nyeusi, hakuna aliyefungua mdomo. Mbele kuna picha ya mvulana kwenye fremu, maua, na moshi mwembamba unapanda. Kwenye mstari wa mbele kuna msichana aliyevaa sare ya shule, macho makavu, anatazama tu.

"Hawa wako kanisani?" Sikujua anamuuliza nani. Nikageuka, hakuna mtu mwingine.

"Ni msiba, mama."

"Nani kafa?"

Nikamwonyesha mvulana wa kwenye fremu.

"Na huyu binti?"

"Ni dada yake."

Alikisogeza karibu na uso, maana unajua macho yake. "Mbona halii?"

"Sijui, mama. Labda alifika amechelewa."

Kuku waliingia kwenye mpunga, hakuna aliyewafukuza. Mama aliweka kidole juu ya uso wa yule msichana, akakipitisha taratibu kama anavyofanya mtu anapofuta vumbi. Kisha akauliza, "Amekula huyu?"

"Haionyeshi."

"Wewe je, umekula?"

Nilikuwa sijala. Aliinuka akaniletea ndizi na kipande cha samaki mbasa, akakaa palepale hadi nikamaliza. Sikulia. Nilitaka nikuandikie kwamba nililia, kwa kuwa hadithi ingependeza, lakini sikulia, nilikula. Nilisikia chumvi kwenye samaki. Nilikuwa sijasikia chumvi tangu Mei.

Toka Alhamisi mama anasema nami, si mengi. Ananiambia chota maji, funga mlango, punguza moto. Jana shangazi Felista alianza tena ile habari ya mgeni wa harusi, mama akamkatiza: "Mwacheni. Atalia siku yake."

Baba anakusalimu sana na kukuombea. Shangazi Felista anakusalimu, pamoja na Mzee Badru, ambaye anauliza kama huko kuna matairi ya baiskeli ya bei nafuu. Mama mkubwa anasema ukioa huko usimfiche. Mama naye anakusalimu, na salamu zake kanipa kwa mdomo wake mwenyewe. Nisalimie yule bibi mwenye nyumba unayepanga kwake, anayekufungia vitabu kwa kamba.

Jambo la mwisho, na hili usimwandikie mtu yeyote. Mimi sijui Kijapani. Sijui kama yule msichana ni dada wa marehemu. Anaweza kuwa jirani, au mwanafunzi mwenzake, na kuna kurasa nyingine nimewaona wakigombana, kwa hiyo huenda hata hawakupendana. Nilimwambia mama ni dada yake kwa sababu nilitaka awe. Sasa kila jioni mama anakiomba kile kitabu, anafungua palepale, anamtazama. Ameniambia ukirudi mwakani utamsomea maneno yote aliyoyasema yule binti. Kaka, nakuomba sana. Kama maandishi yanasema vingine, wewe mwambie ni dada yake.

Mungu akulinde kwenye baridi hiyo na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda,

Angetile.