Injini ya Mama Angélique

Doornfontein, Johannesburg, 2 Aprili 2017

Dada Zabibu,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, ila baridi ya huku imeanza kunichungulia. Mama hajambo? Goti lake je? Nakuandikia kwa kirefu kwenye simu maana nikikupigia hunipi nafasi ya kusema.

Nimepata kazi. Mama Angélique, Mkongo anayeuza vitambaa Marshalltown, ana Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970 aliyoachiwa na marehemu mumewe. Haina injini. Anataka impandishe bintiye Gaëlle kanisani siku ya harusi, juu ya kilima cha Observatory. Muuza vipuri ana injini mbili za silinda nane: ya inchi za ujazo 396 na ya 454. Kwa nje zinalingana, tofauti ni ukubwa wa tumbo. Mama Angélique kaniambia nichague mwenyewe. Gari likipanda vizuri, ananiachia gereji ya mumewe niiendeshe. Nikiharibu, anampa fundi mwingine, nami sina pengine pa kufanyia kazi. Moyo wangu uko kwenye 454. Unasemaje?

Mdogo wako,
Ameir

Tanga, 3 Aprili 2017

Ameir,

Waaleikum salaam. Goti la Mama limetulia, na anakula kunishinda mimi. Gereji nayo inakwenda, ingawa wateja wa siku hizi wanajua kila kitu.

Wewe tangu utotoni macho yako kwenye sahani kubwa. Chukua 396. Ile nyingine itakunywa petroli na kukuchemshia rejeta. Baba aliniachia gereji hii kwa sababu mimi nasikiliza injini, wewe unasikiliza mngurumo tu. Ukikaidi, basi angalau fuata jeti za kabureta ninazokutumia kando, vitundu vyake vipitishe petroli ya kutosha. Zimepita kwenye mikono yangu miaka yote na hazijaniangusha.

Dada yako,
Zabibu

Doornfontein, 21 Mei 2017

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, natumaini mko salama. Nilikaidi, nikafunga 454. Lakini jeti nilizifuata zako, moja baada ya nyingine.

Jana tumelijaribu kilimani. Likatoa moshi mweusi, likamisi kwa kukatakata, likazima katikati ya mlima, na teksi nyuma yetu zikatupigia honi. Mama Angélique alishuka akarudi nyumbani kwa miguu. Harusi ni Jumamosi hii. Dada, nimeona aibu.

Mdogo wako,
Ameir

Tanga, 21 Mei 2017

Ameir,

Sisi wazima, Mama anakuombea. Nilikwambia 396. Mrudishie mwenyewe gari lake, uje nyumbani, tufanye kazi pamoja hapa. Sisemi kwa hasira. Nakuonea huruma, na nimekukumbuka pia.

Dada yako,
Zabibu

Doornfontein, 28 Mei 2017

Dada yangu,

Assalaam aleikum, na Ramadhani njema kwenu nyote. Kaa chini usome.

Nilizifungua plagi, zote nyeusi kwa masizi. Petroli imezidi, nikajiuliza, au hewa imepungua? Dada, wewe unafunga jeti ukiwa pwani. Huku tuko juu sana, hewa ni nyepesi, hata chai inachemka kabla moto haujakolea. Injini inavuta pumzi haba huku petroli ikimiminika kama iko Tanga. Ilikuwa inakabwa. Nikatia jeti ndogo, nikasogeza taiming ya cheche mbele kidogo, ikatulia. Na ile 396 ingepungukiwa zaidi. Hili tumbo kubwa, hata likipunjwa hewa, linabaki na nguvu ya kutosha.

Jana limepanda kilima na bibi harusi ndani, mimi usukanini nimevaa suti ya kuazima. Sikushusha gia hata mara moja. Akina mama wa kwaya walikuwa wanapiga vigelegele barabarani, na watoto wanakimbia pembeni. Pale juu Mama Angélique akanishika mkono analia, akasema: "Fundi, bwana yangu angecheka sana leo. Garaji ni ya weye sasa." Nami nikalia, sioni haya kukwambia.

Mdogo wako,
Ameir

Tanga, 2 Julai 2017

Ameir,

Idd mubarak. Mama anakubusu, ameonyesha picha za harusi mtaa mzima.

Najua nimekuweka ukingoja jibu. Kukubali kunanipa shida, unanijua, basi nilitaka kwanza nihakikishe kwa mikono yangu. Bi Nusaiba, yule anayeleta kabichi kutoka Lushoto, pikapu yake hukosa pumzi kila ikipanda mlima. Miaka miwili namwambia hajui kuendesha. Wiki iliyopita nilipanda naye, nikatia jeti ndogo hukohuko juu. Ikaondoka kwa ulaini, mpaka akanigeukia akaniuliza nimejifunza wapi.

Nikamwambia, "Kwa mdogo wangu. Ana gereji Johannesburg."

Niliona fahari kulisema, nikalirudia tulipofika sokoni, kwa watu ambao hawakuniuliza. Baki huko, Ameir. Na uniandikie zile jeti zako, zote, nizibandike ukutani.

Dada yako,
Zabibu