Mtoto Amepiga Chafya kwa Jina la Kitabuni

Mpendwa Mama Janeffer,

Nakuandikia nikiwa nimejificha kwenye stoo ya chakula cha ng'ombe, mtoto mgongoni, na naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu siku hiyo akina mama wa maombi wanakuja kuchoma vitabu vyangu, na mimi sijui kama niwazuie au niwasaidie kuwasha moto.

Mimi ni wa Londiani, wazazi wangu ni Wakikuyu, nimeolewa karibu na Kapsoit na Mkipsigis anayefanya kazi kiwanda cha majani chai, na mtoto wetu wa kwanza, msichana, ana wiki saba. Kwetu jina halitafutwi. Msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake na mambo yamekwisha. Hapa nilikuta mengine. Mtoto alipozaliwa, Kogo, yaani nyanya ya mume wangu, alikuja na wanawake wengine wawili wakamshika, wakaanza kuita watu wa ukoo waliokufa, mmoja mmoja, wakingoja apige chafya, kwa sababu akipiga chafya jina likitajwa basi huyo ndiye amerudi kwake. Wakaita, wakaita. Mtoto anawaangalia tu. Wakamsogezea ugoro puani, bado hakuna. Kogo akafungua mdomo ataje mwingine, mama mkwe akamkatiza, "Huyo hapana, Kogo, huyo wacha," akamnyakua mtoto akasema amechoka. Mpaka leo tunamwita Chelimo tu, kwa sababu alizaliwa asubuhi ng'ombe wakitoka kwenda malishoni, lakini lile jina lingine hana.

Sasa sikiliza kosa langu. Tangu nikiwa shule nasoma manga, vile vitabu vya michoro vya Wajapani vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza, na katika vyote nilivyosoma hakuna ninachokipenda kama kimoja ambacho hakijulikani na mtu, kwa Kiswahili ningekiita Viti vya Jumba la Ukungu, vitabu sita, nilivipata kwa marehemu mzee mmoja wa mitumba mjini Kericho kimoja kimoja kwa miaka miwili. Kwenye kundi letu la simu watu wanasifu zile za kupigana na kurusha moto, nikitaja hii wananyamaza, ni Okeyo mmoja tu wa Kisumu aliyewahi kuisoma na yeye alisema inaenda polepole. Ndiyo, inaenda polepole! Kuna kurasa nne za ukungu peke yake, bila neno hata moja, na ukifika ya nne unaona kuna mtu amesimama hapo tangu ile ya kwanza. Ni ya msichana anaitwa Sayo, anakaa peke yake kwenye jumba jeusi juu ya kilima, na kila alasiri anatandika meza, anawamiminia chai wafu wa nyumba hiyo, anaita majina yao, na anayeitwa anakuja anakaa. Yeye hawakimbii. Anawaogopa mpaka mikono inatetemeka na bado anawamiminia. Mimi niliyekulia kwenye ukungu wa Londiani nilijiona mle ndani, na sijawahi kumwambia mtu.

Wiki tatu zilizopita, saa nane mchana, mvua imeshika, nilikuwa namnyonyesha mtoto huku nikimsomea kwa sauti ile sehemu Sayo anaita majina. Nilipofika la saba, Amaya, mtoto akaacha titi akapiga chafya. Mara mbili. Nikiinua macho, mama mkwe yuko mlangoni na jagi la maziwa, uso wake umebadilika, akaniuliza polepole, "Umemwita nani?" Nikamdanganya. Nikasema nilikuwa naomba.

Hakuamini. Siku ya pili alivipata vitabu chini ya godoro, na vile manga inasomwa kuanzia nyuma kwenda mbele, aliponikuta nafungua hivyo akapiga kelele kwamba nasoma kinyumenyume kama wachawi, na ndiye aliyewaita hao akina mama wa maombi. Mume wangu anasema mama ndiye anajua mambo ya boma. Nimevificha vitabu kwenye gunia hapa stoo. Lakini Mama Janeffer, siku hizi mtoto akilala anashtuka, mchana anakodolea macho pembe moja ya nyumba ambapo hakuna kitu, na mimi sasa naogopa hata kushika vitabu nilivyovipenda kuliko vyote. Je, nimemwitia mtoto wangu mfu wa kigeni? Na kama ni Amaya amekaa kwake, anatoka vipi? Nimekufungia kitabu cha tatu pamoja na barua hii ili walau kimoja kipone, au ili kisiwe karibu na mtoto, mimi mwenyewe sielewi ni kwa nini.

Mwenye Hofu, karibu na Kapsoit


MAMA JANEFFER ANAJIBU

Binti yangu, kwanza toka kwenye hiyo stoo. Vumbi la chakula cha ng'ombe halifai kwa kifua cha mtoto wa wiki saba, na nikitaja vumbi, kitabu chako nilipokifungua nilipiga chafya mara tatu na hakuna aliyenipa jina. Kitabu cha mitumba kilicholala miaka gunia hadi gunia, unakifungulia puani pa mtoto mchanga, halafu unashangaa? Na kukodolea pembe, wote hukodolea. Huo ndio umri wake. Kama anashtuka sana au hanyonyi vizuri, mpeleke kliniki, usimpeleke kwa hofu zako.

Mimi ni mzaliwa wa Bomet, na shughuli hiyo ya majina nimekaa ndani yake mara nyingi. Jina huitwa na akina mama wenye ukoo, mtoto akiwa mikononi mwao, na wanaita watu wao. Halidondoki kitabuni. Ingekuwa kila chafya ni jina, na baridi hii yetu, watoto wa Kericho wangekuwa na majina mia moja kila mmoja. Amaya hajakaa popote. Lala usingizi.

Lakini sijamaliza na wewe. Umedanganya ukimtaja Mungu, na hilo ndilo lililowasha moto wa Jumamosi, si michoro. Na lingine linaniudhi zaidi. Unasema unakipenda kitabu hiki kuliko vyote, unalalamika dunia haikithamini, na wewe mwenyewe hukukielewa.

Nimekisoma. Mchana, mlango wazi, redio imewashwa, na bado niliogopa. Nilikiweka juu ya kabati nikakishusha mara mbili. Huyo mchoraji anajua giza. Una haki kukipenda, na Okeyo wako ana haraka ya bure. Ila ulipofika kwenye kile kiti cha mwisho mezani, kile kilichokwanguliwa jina kwa kisu, ulikuwa unafikiria nini? Kuta za jumba zinalia maji, wafu hawashiki vikombe, hakuna anayetulia, na Sayo anahangaika kitabu kizima hadi anagundua kwamba shida si wale anaowaita. Shida ni yule mmoja aliyekatazwa kuitwa.

Sasa rudi kwenye barua yako. Umeandika mstari mmoja ukaupita mbio kama mtu anayevuka barabara: Kogo akafungua mdomo ataje mwingine, mama mkwe akamkatiza.

Umeona?

Kuna mtu katika boma hilo ambaye jina lake halitajwi. Sijui ni nani. Labda ni dada wa mume wako aliyekufa akiwa na mimba ya aibu, labda ni shangazi aliyejimaliza, labda ni mtoto wa mama mkwe mwenyewe. Aliposimama mlangoni na lile jagi akasikia mtoto amepiga chafya, hakuwa anafikiria Wajapani wako. Alidhani umemtaja huyo. Alidhani Kogo amekupenyezea jina ambalo yeye hawezi kulisikia, na mtoto amelipokea. Ndiyo maana uso ulibadilika. Swali lake halikuwa la kukukamata. Wewe ulikuwa unaogopa kwenye kiti na yeye anaogopa mlangoni, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Sasa mnataka kuchoma karatasi.

Fanya hivi, na ufanye kabla ya Jumamosi. Asubuhi, akina baba wakishatoka, mbebe mtoto uende kwa mama mkwe, peke yenu. Usianze na vitabu. Anza na uongo wako, umwombe msamaha. Mwambie, "Mama, siku ile nilitaja jina la mtu wa kitabuni tu, sikutaja mtu wenu." Kisha nyamaza. Wewe ni mgeni katika ukoo huo, na mgeni anaruhusiwa kuuliza ambalo wenyewe hawathubutu, kwa hivyo akishapumua, mwulize: "Yule Kogo alitaka kumwita alikuwa nani?" Huenda akakufukuza. Ondoka kwa heshima, urudi kesho yake na swali hilo hilo. Huenda akalia. Akilia usimkimbie, mshike, kisha nenda jikoni umpikie chai, umimine na mikono yako ikitetemeka, kama huyo msichana wako anavyofanya.

Na akikubali, Kogo aitwe, mtoto ashikwe, jina lile litajwe mbele ya watu. Apige chafya, asipige, hiyo ni kazi ya mtoto. Kazi yenu ni kulitaja.

Mume wako umwambie nimesema mambo ya boma ni yake pia. Wale akina mama wa maombi wakija, wakaribishe waombe, kuna kidonda cha kuombea hapo ambacho si chako. Vitabu vitano vitoe kwenye gunia uvipanguse vumbi. Hiki cha tatu nitakurudishia kwa mkono wangu nikipita Kapsoit, lakini nikifika nataka kukuta mambo mawili: kile cha nne kimewekwa mezani kinanisubiri, na huyo mtoto anaitwa kwa majina yake yote.