Viti Vyekundu vya Peugeot ya Mzee Épitace

Tantine Capitoline mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Biwi hapa Lilongwe, na kabla ya yote ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa ovyo, mi njo Kiza, yule anayeshona viti vya magari kwa garaje ya Bambo Kachingwe, na ukiuliza Biwi nzima nani anaweza kuvika kiti mpaka kiti chenyewe kione haya kukaliwa, watakuonyesha mi. Masomo niliyaachia Uvira mwaka wa pili wa sekondari, si kwa ujinga, ni vita tu, ingawa mwalimu wa hesabu naye alichangia, kwa hiyo ukikuta makosa unisamehe, uangalie roho. Nisaidie, Tantine, kwa sababu tangu jambo hili litokee nsima, huu ugali wa huku, hainipiti kooni, na mi si mtu wa kushindwa nsima.

Iko mzee mmoja hapo kambi ya wakimbizi Dzaleka, Mzee Épitace. Zamani alikuwa shofere kule kwetu, aliendesha Peugeot mia ne na tatu kutoka Uvira mpaka Bukavu, ile barabara ya makorongo unayoijua, na anaapa hakuwahi kuvunja hata yai la abiria. Nilipofika Dzaleka peke yangu, bila baba bila mama, yeye na mke wake Mama Pascaline njo walinikatia nafasi kwa mkeka wao. Hiyo siwezi kusahau hata nikiwa tajiri, na nitakuwa. Basi mzee akaenda Mitundu kuuza mashati anayoshona mama, akakuta Peugeot kama ile ile yake ya zamani imelala kwenye ghala la shamba fulani, kuku wanataga ndani. Tantine, mzee alilia. Akamtengenezea mwenye shamba trekta lake msimu mzima, na yule bwana akamwachia gari. Tukalivuta mpaka Biwi.

Mzee akaniambia, "Kiza, injini nitaifufua mi mwenyewe. Viti nakuachia we. Nataka nimpeleke mama yako Likuni kwa hospitali, asipandishwe tena kwenye kamyo la mizigo kama gunia."

Nikamjibu, "Papa, lala usingizi. Viti nitakavyoweka, hata askari wa barabarani watapiga saluti."

Injini mzee akaifufua kweli, akaniachia gari. Viti vya zamani vilikuwa viwili pale mbele, vimebanana bega kwa bega utasema banki ya kukalia kanisani, virefu, vimesimama wima kama mwalimu mkali, springi zinachungulia nje, kitambaa kimeliwa na panya. Mi nikaona hii ni aibu kwa fundi kama mi. Nikazunguka mji wote mpaka nikapata viti vya gari la Kijapani la mashindano lililopinduka, vyekundu kama pilipili, vya chini kabisa, vina mabawa pande mbili yanakukumbatia kama mchumba. Sikumuuliza mzee. Nimuulize nini? Daktari anamuuliza mgonjwa sindano ya rangi gani? Reli za zamani zilikataa viti vyangu, nikazikata, nikavichomelea moja kwa moja kwenye sakafu. Ni kweli nilijua mzee ana nyonga mbovu tangu ile safari ya kukimbia vita, anatembea na fimbo, lakini nilifikiri nyonga ni ya kutembelea, si ya kukalia.

Siku ya kuonyesha, batu walijaa kwa garaje, maana mi mwenyewe niliwaita. Mzee akafika na minibasi, kavaa koti na kofia yake ya shofere. Nikafungua mlango. Akageuza mgongo, akashuka, akashuka, Tantine, akaendelea kushuka kama ndoo kisimani, magoti yakafika kidevuni, usukani ukabaki juu ya paji la uso. Akajaribu kutoka, bawa la kiti likamzuia. Akajaribu tena. Uso ukabadilika rangi. Mi na mwenzangu Robert tukamshika kwapani, tukavuta, kofia ikaanguka, batoto wa mtaani wakapiga kelele "Agogo! Agogo!", yaani babu, batu wakacheka, na mi, mdomo wangu huu usio na breki, nikasema kwa sauti, "Papa, leo tumekuvua kama samaki!" Wakacheka zaidi. Mi pia nilicheka.

Mzee akaokota kofia, akaipangusa na kiwiko. Akasema, "Viti ni vizuri sana, mwanangu. Vizuri mno. Mungu abariki mikono yako. Asante, zikomo, Bambo Kachingwe, zikomo nyote." Akapeana mikono na kila mtu, akaondoka.

Hakurudi tena. Juma lililopita akaja Mama Pascaline mwenyewe, akasimama mlangoni, hakutaka hata kuketi. Akasema, "Mwanangu, baba yako anasema ile gari iuzwe. Anasema macho yake hayaoni tena barabara."

Macho yake! Huyo mzee anamtungia mama uzi kwenye sindano bila miwani!

Na mnunuzi yupo, kijana mmoja wa mjini mwenye miwani ya jua, anavipenda viti vyangu kufa, kila siku anapita kuvipapasa. Bambo Kachingwe anasema mwenye mali ameshasema iuzwe, tuiuze, anataka nafasi kwa uwanja wake. Ila kwanza anasubiri mi niseme kazi imekwisha. Robert anasema, "We Kiza unajisumbua bure, mzee alishukuru mbele ya batu wote, kesi imekwisha." Mi pia nasema imekwisha. Mbona haikwishi? Nikivitoa viti, Biwi itasema Kiza amekosea, na jina langu nimelijenga kwa mikono hii, sina jingine. Nikiviacha, gari linakwenda. Sasa niambie, niiuze kama alivyosema mwenyewe, ama nirudishe zile banki za kuku?

Ni mi, Kiza, fundi wa viti nambari moja Biwi (nambari mbili hakuna)


TANTINE CAPITOLINE ANAJIBU

Kiza, nambari moja usiye na nambari mbili, barua yako nimeisoma nikicheka, halafu nikaisoma tena na sikucheka. Kwanza, majina ya hao wazee nimeyabadilisha kabla ya kuichapa gazetini, maana we uliyaandika yote mpaka la ukoo. Mdomo usio na breki, na mkono nao vile vile.

Gari halijauzwa? Basi usiliuze. Leo hii mwambie Bambo Kachingwe kwamba kazi haijakwisha, na yule mwenye miwani ya jua akapapase vingine.

Unauliza kwa nini kesi haikwishi wakati mzee alishukuru. Mwanangu, umelelewa wapi? Kwetu mzee hamgombezi mtoto wake mbele ya wageni, kwa sababu akikugombeza pale, kesho hakuna atakayekupa kazi. Anakusifu. Anakusifu mno, anapeana mikono na wote, halafu harudi. Lile "vizuri mno" lilikuwa fimbo, na alikupiga polepole watu wasione. Hata alipoaibika alikuwa bado anakulindia jina lako, hilo unaloogopa kulipoteza. Robert hakulisikia. We ulilisikia, njo maana nsima haipiti. Hiyo inanifurahisha, kwa sababu mtu mwenye roho mbaya hula vizuri sana.

Sasa nikuulize kama mama. Fundi cherehani hapa kambini, hata yule mvivu kuliko wote, anaweza kukata suruali bila kupitisha futi kiunoni mwa mwenyewe? Akifanya hivyo unamwita mwizi wa kitambaa. We umemkatia mzee mahali pa kukaa bila kumpima. Umejipima mwenyewe. Viti vile ni vya Kiza, mwenye magoti ya mbuzi. Na Mama Pascaline je? Huyo mama, na mwili wake mnene ninaoujua, Mungu amzidishie afya, yale mabawa ungempitisha wapi? Gari lilitafutwa kwa ajili yake, we ukamwekea kiti cha mchumba wako usiyekuwa naye.

Usijione mjinga kupita kiasi. Mikono yako ni mizuri, naamini, na kijana anapenda chekundu, sisi wote tulikipenda. Ila kiti cha gari la zamani hakichaguliwi kwa macho. Kinachaguliwa kwa goti, kwa nyonga, kwa mgongo, na kwa gari lenyewe. Waliotengeneza Peugeot ile waliviweka virefu na wima kwa sababu mtu aliingia humo na kofia kichwani akatoka nayo kichwani.

Kwa hiyo fanya hivi. Vitoe vyekundu. Kabla ya kitu kingine angalia ile sakafu uliyoichomelea, maana bati la umri ule kutu inalila chini kwa chini, na kiti kilichoshikwa na bati bovu kitamtupa mzee kwenye kioo siku ya breki ya kwanza. Palipooza, kata, tia bati zima. Rudisha reli, ukose usingizi mpaka uzipate ama uzitengeneze, ukaze na bolti, ili mzee ajisogeze nyuma ama mbele kadiri nyonga inavyotaka siku hiyo. Zile banki za kuku usizidharau, chuma chake bado ni chuma, nyoosha springi, jaza upya, juu ulaze vizuri pasiwe na shimo la kumeza mtu. Ngozi ya plastiki usiweke, mwezi wa kumi huko Lilongwe itawachoma mapaja. Weka kitambaa kigumu cha pamba. Rangi, mwulize mama. Ndiyo, mwulize! Na kama chuma cha zamani kimekwisha kabisa, tafuta viti vya pikapu ya kazi, virefu, bapa, visivyo na mabawa, uvivike vifanane na gari.

Kimo usikikisie. Nyumbani kwake mzee ana kiti anachokikalia na kuinuka peke yake. Mwombe Mama Pascaline ukipime kutoka chini mpaka makalio yanapokaa. Hicho njo kimo chako, na hicho kiti ni fundi kukuzidi.

Vile vyekundu Bambo Kachingwe aviweke chini ya paa, wateja wakingoja magari yao wavikalie, Biwi iendelee kuvitazama. Hakuna aliyekunyima sifa.

Sasa lile gumu. Utakuja huku Dzaleka kabla ya kazi kwisha, si baada. Usimpelekee viti kama rushwa. Utafute mtu mzima wa kwenu Uvira akusindikize, kwa sababu mtoto haendi kutaka radhi peke yake kama anayeenda kuazima chumvi, na useme neno moja tu: "Papa, nilicheka." Usiongeze nyonga, usiongeze Robert, usiongeze batoto wa mtaani. Kiti kilimuumiza nyonga. Kicheko kilitoka kwa mtoto aliyelala kwenye mkeka wake. Akikwambia macho yake hayaoni, mjibu kwamba utangoja yapone, na gari litangoja pia.

Atakuja garajeni kwenu, na mama akiwa naye. Namjua shofere wa barabara ile, hawezi kusikia injini yake imewashwa na mwingine akabaki amelala. Siku hiyo usimwite hata mtu mmoja. Fungua mlango, urudi nyuma, mikono mgongoni, domo limefungwa. Akichelewa kuketi, mwache achelewe. Akishuka kujaribu tena, mwache ajaribu. Usimguse mpaka akuite. Na asipokuita, zunguka umfungulie mama mlango wa pili, kisha ondoka njiani gari lipite.