Ndege Wamerudi Kutoka Kaskazini

Kisiwani, Oktoba

Kaka yangu mpendwa Teone,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi Ripeka na kwa watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba ile mvua chafu bado haijafika Invercargill. Naandika mbiombio kwa sababu Mzee Paora anavuka na mashua asubuhi hii. Dizeli iliyobaki inamtosha kwenda na kurudi mara moja tu.

Uliuliza kama titi, wale ndege wetu wa baharini, wamerudi. Wamerudi, kaka. Tulikwisha kata tamaa, maana huko kaskazini wanakokaa msimu wetu wa baridi hakuna hata redio moja inayosema tena tangu yale mabomu ya nyuklia. Ilinyamaza Japani, ikanyamaza Amerika, na juzi Auckland ikakatika katikati ya sala. Kisha jioni moja tukasikia mbawa. Mama alisimama mlangoni akilia kama mtoto. Ni wachache kuliko zamani, lakini wameingia mashimoni mwao kama kawaida. Na sisi viazi vimebaki vya mbegu tu.

Ukauliza tena kama watoto wanaweza kuwala. Jambo hilo lilitugombanisha ukumbini. Mzee Paora alisema ndege aliyevuka bahari yote ile kwa mbawa zake hawezi kuwa mgonjwa, angeanguka njiani. Nesi Huia akamjibu kwamba sumu hii ya mabomu haina harufu wala ladha, na hapa hatuna chombo cha kuipima. Mama akasema, "Nyie bishaneni, mkimaliza mniamshe." Watu wakacheka. Tulikuwa hatujacheka siku nyingi.

Baada ya hapo nikaona Mama hali viazi. Kila nikimpakulia anasema ameshiba, halafu anapotelea kwenye banda la kufulia. Siku moja nikamfuata. Nilimkuta na sahani ya nyama na mifupa ya titi. Mama huyuhuyu, Teone, ambaye hakuturuhusu kugusa ndege mkubwa maisha yetu yote, ni makinda ya Aprili tu! Nilimpigia kelele. Akaniambia, "Punguza sauti. Lazima mtu aonje kabla ya watoto, na mimi nimeshaishi." Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema ningemkataza, naye angekula vilevile, tukabaki na ugomvi wa bure.

Sasa fizi zinamtoka damu na nywele zinang'oka kwa mafungu. Amejifunga kitambaa, anasema afadhali ameepukana na kuchana. Kwa hiyo jibu ni hapana, kaka. Msile, na mwambieni kila mtu huko asile.

Kuna jambo ambalo kalamu imekuwa ikilikwepa tangu nianze. Siku ile bandani sikuondoka. Nilivuta kigoda, nikakaa, nikatia mkono sahanini. Mara ya kwanza alinipiga kofi mkononi. Mara ya pili akanisogezea kipande chenye mafuta. Tangu hapo tukawa tunakula pamoja. Sikuweza kumwacha ale peke yake, Teone, sijui kueleza zaidi ya hapo. Hizo fizi ninazokuambia ni za watu wawili.

Mama ameniagiza nikuandikie mbaki hukohuko, watoto wasimwone alivyo. Katika hili namkaidi. Huia anasema mvua itatufikia sote kabla ya Krismasi, ninyi huko na sisi huku, wala hakuna kusini zaidi ya hapa pa kukimbilia. Mzee Paora atawangoja gatini Bluff mpaka saa saba mchana. Njooni. Chakula hakuna, sikudanganyi. Lakini kila alfajiri Mama huniuliza kama hizo ni hatua zako anazosikia, kisha hujifanya aliuliza habari za upepo.

Huia na jirani wote wanawasalimu. Wifi asihangaike kufunga vyombo, aje na blanketi tu. Waambie watoto shangazi yao amekwisha tandika magodoro, yote chumba kimoja, karibu na jiko.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kararaina